Polisi mchana, muuaji usiku: somo la California kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo

Mwaka 1973, gazeti dogo la Exeter, mji wa wakulima wa machungwa katika jimbo la California nchini Marekani, liliwatangazia wasomaji wake habari njema. Mji umepata askari polisi mpya. Kijana wa miaka 27, ametumikia jeshi la majini wakati wa vita vya Vietnam, kisha akasomea mambo ya uhalifu na haki kwenye chuo kikuu. Gazeti liliandika kwamba kijana huyo anaamini kuwa pasipo sheria hakuna serikali, na pasipo serikali ya kidemokrasia hakuna uhuru. Nani angekataa kulindwa na mtu wa namna hiyo?

Jina lake ni Joseph James DeAngelo. Miaka 47 baadaye, mwezi Juni 2020, mtu huyo huyo aliletwa mbele ya jaji akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akakubali kwa kinywa chake kwamba aliua watu 13. Alikubali pia makumi ya ubakaji na wizi wa nyumba ambao haukuweza tena kuhukumiwa kwa sababu muda wa sheria ulikuwa umepita. Waendesha mashtaka walihesabu waathiriwa 87, katika maeneo 53 ya uhalifu. Na sehemu kubwa ya ubaya huo aliufanya wakati bado anavaa nguo za polisi na kulipwa mshahara wa kulinda raia.

Habari hii inastahili kusomwa Bukavu, Goma, Uvira, Butembo, Bunia na Kalemie. Isisomwe kwa kushangaa tu kwamba hata Marekani kuna watu wa namna hiyo. Isomwe kwa sababu inaonesha wazi jambo ambalo mashariki mwa Congo linalipiwa kwa damu: mtu mkatili aliyevaa nguo za serikali hatambulikani kwa sura wala kwa maneno yake. Anatambulika siku ile karatasi za meza moja zinapokutana na karatasi za meza nyingine. Zisipokutana, ataishi miaka mingi, na kila asubuhi majirani watamsalimia kwa heshima.

Mlinzi aliyejua kila mlango

Huko Exeter, DeAngelo alipewa kazi ya kupambana na wezi wa nyumba. Wakati huo huo, katika mji jirani wa Visalia, usiozidi nusu saa kwa gari, mwizi wa ajabu alikuwa anaingia katika nyumba za watu. Kati ya mwaka 1974 na 1975 alivunja nyumba zaidi ya 100. Mara nyingi hakuchukua vitu vya bei. Alichukua sarafu, pete, picha, akamwaga nguo za wanawake chini, akaenda zake. Polisi wa Visalia hawakuelewa anatafuta nini.

Mwezi Septemba 1975, mtu huyo aliingia usiku katika nyumba ya mwalimu mmoja wa chuo, akajaribu kumteka binti yake. Baba aliamka, akakimbia kumwokoa mtoto. Alipigwa risasi akafa. Miezi mitatu baadaye, mpelelezi mmoja aliyekuwa amemvizia mwizi huyo alikutana naye uso kwa uso, na risasi ikavunja tochi aliyoishika mkononi. Mwizi akapotea gizani.

Mwaka 1976 DeAngelo alihamia polisi ya Auburn, mji mwingine mdogo, kaskazini zaidi. Mwaka huo huo, upande wa Sacramento, mji mkuu wa jimbo, ulianza ubakaji uliowanyima watu usingizi kwa miaka mitatu. Mtu mwenye kofia ya kuficha uso aliingia usiku wa manane, akawamulika watu wa nyumba kwa tochi machoni. Kama kulikuwa na mume, alimfunga kwa kamba za viatu, akampanga sahani mgongoni, akamwambia: zikilia, nitaua kila mtu. Kisha alimpeleka mke chumba kingine.

Watu walinunua bunduki, walifunga madirisha kwa misumari, walipanga zamu za kulala. Hawakujua kwamba yule wanayemwogopa alikuwa ndani ya kikosi ambacho waliomba kiwalinde. Alijua polisi wanafika baada ya dakika ngapi, wanatafuta nini chini, wanauliza maswali gani, redio yao inasema nini. Nguo za polisi zilimpa faida mbili kwa pamoja: ziliondoa shaka juu yake, na zilimfundisha jinsi ya kutoacha alama.

Meza mbili zisizosemezana

Hapa ndipo somo la kwanza linapoanza. Watu wengi wanapenda kusema kwamba DeAngelo hakukamatwa mapema kwa sababu teknolojia ya wakati huo ilikuwa ndogo. Ni kweli nusu tu. Wapelelezi wa Visalia walifikiria kwamba mwizi wao na mbakaji wa Sacramento wanaweza kuwa mtu mmoja. Walieleza jambo hilo. Wenzao wa Sacramento hawakulikubali, na mabishano yakaingia hata kwenye magazeti. Kila ofisi ilishikilia faili zake na heshima yake.

Kisha muuaji akashuka kusini mwa California. Kuanzia mwishoni mwa 1979 hadi 1981, na tena mwaka 1986, watu 10 waliuawa ndani ya nyumba, wengi wakiwa mwanaume na mwanamke pamoja. Pale napo kila wilaya ilikuwa na polisi wake, kesi yake na jina lake la muuaji. Ilichukua hadi mwaka 2001 kwa vipimo vya ADN, zile chembe za mwili zinazotofautisha mtu na mtu, kuthibitisha kwamba mbakaji wa kaskazini na muuaji wa kusini walikuwa mtu mmoja. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu Sacramento.

Kwa hiyo simu moja kati ya ofisi mbili, kama ingepokelewa kwa unyenyekevu, ingeweza kufanya kazi ambayo mashine ilikuja kuifanya wakati makaburi yalikuwa tayari yameota majani.

Nyundo na dawa ya mbwa

Somo la pili ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa uzito. Mwezi Julai 1979, DeAngelo alikamatwa katika duka akiiba vitu viwili: nyundo na dawa ya kupuliza kwa kufukuza mbwa. Askari polisi, katika eneo ambako mtu anavunja nyumba usiku na kubaka, anaiba nyundo na dawa ya mbwa. Mtu wa kawaida akisikia leo, anashika kichwa.

Je, viongozi wake walifanya nini? Walimfukuza kazi. Alipewa adhabu ndogo na korti, na jambo likaisha. Hakuna aliyeketi kuuliza polisi anataka nini na vitu hivyo, usiku alikuwa wapi, na kwa nini vimekutana na kesi ambayo mji mzima unaizungumzia. Kosa lilihesabiwa kama aibu ya kazi, si kama dalili.

Hesabu ni ya kuumiza. Kati ya watu 13 aliowaua, watatu walikufa wakati bado polisi. Kumi walikufa baada ya kufukuzwa. Kumtoa mtu katika kikosi bila kumchunguza kulisafisha kikosi, lakini hakukulinda raia hata mmoja.

Wala California si peke yake. Katika mji wa Angarsk, huko Siberia nchini Urusi, askari polisi Mikhail Popkov aliwapakia wanawake usiku katika gari, mara nyingine gari la polisi lenyewe. Waliingia kwa sababu alikuwa polisi. Mwaka 2015 alihukumiwa kwa mauaji 22, na mwaka 2018 kwa mengine 56. Alikamatwa mwaka 2012, wakati wapelelezi walipokubali jambo chungu la kuchukua ADN za askari polisi wenyewe na za wale waliowahi kuwa polisi. Walipoanza kujitazama, walimpata.

London, mwezi Machi 2021, askari Wayne Couzens alimsimamisha mwanamke aliyekuwa anarudi nyumbani kwa miguu, akamwonesha kadi ya polisi, akamfunga pingu, akampeleka kumbaka na kumuua. Baadaye iligundulika kwamba malalamiko ya aibu yalikuwa yamefika polisi kabla ya siku hiyo, kuhusu mwanaume aliyejivua nguo mbele ya wanawake, na hayakufuatwa inavyopaswa. Nyundo nyingine tena, na watu wakaipita.

Sanduku lililotunzwa

Namna DeAngelo alivyokamatwa inasimuliwa mara nyingi kama muujiza wa kompyuta. Wapelelezi waliweka ADN ya muuaji kwenye tovuti ambazo watu wanatumia kutafuta ndugu wa ukoo wao. Wakapata binamu wa mbali. Wakachora mti wa familia, tawi kwa tawi, hadi wakafikia mzee mmoja wa miaka 72 aliyeishi Citrus Heights, karibu na Sacramento, fundi wa malori aliyestaafu, baba wa mabinti watatu, anayejulikana kwa majirani kwa hasira na makelele. Walimfuata kimya. Walichukua chembe kwenye mkono wa mlango wa gari lake, kisha kwenye karatasi ya kufutia pua aliyoitupa. Tarehe 24 Aprili 2018 wakamfunga pingu mbele ya nyumba yake.

Lakini kabla ya kompyuta, palikuwa na sanduku. Mwaka 1980, baada ya mauaji ya mume na mke huko Ventura, daktari alichukua vipimo, akaviandika, akavifunga, na vikahifadhiwa. Wakati ule hakuna aliyejua vitatumika kwa nini. ADN ilikuwa bado haijaanza kutumika katika korti yoyote duniani. Mtu alifanya tu kazi yake vizuri, na waliokuja nyuma yake hawakutupa. Sanduku hilo lilikaa miaka 38 likimsubiri mwenyewe.

Kulikuwa pia na watu waliokataa kunyamaza. Ndugu wa mmoja wa waliouawa alitoa pesa zake kusaidia sheria ambayo wapigakura wa California waliipitisha mwaka 2004, ya kupanua hifadhi ya ADN za wahalifu. Wanawake waliobakwa wakiwa wasichana walifuata kesi hadi wakawa bibi. Mwezi Agosti 2020, kwa siku tatu, walisimama mmoja mmoja mbele yake na kusema alichowafanyia. Yeye aliketi kimya kwenye kiti chake cha magurudumu, kama mzee asiyejiweza. Waendesha mashtaka walionesha video za gereza: mzee huyo huyo, peke yake ndani ya chumba, anapanda na kujinyoosha kama kijana. Hadi siku ya mwisho alikuwa bado anavaa sura ya kukopa. Tarehe 21 Agosti alihukumiwa kifungo cha maisha bila kutoka.

Jambo moja la kejeli lisisahaulike. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kikao cha kukubali makosa kilifanyika katika ukumbi wa chuo kikuu cha Sacramento, chuo kile kile alichosomea mambo ya haki.

Kavumu na Mitendi

Msomaji wa Kivu anaweza kusema: hayo ni ya Wazungu, wenye maabara na kompyuta. Basi aangalie nyumbani.

Kavumu, katika teritware ya Kabare, Kivu ya Kusini. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, wasichana wadogo, wengine bado hawajafikisha mwaka wa pili, walichukuliwa usiku katika nyumba za wazazi wao, wakabakwa, wakaachwa mashambani. Karibu watoto 40. Walipelekwa hospitali ya Panzi mmoja baada ya mwingine. Kila tukio liliandikwa kama kesi yake: baba fulani, mama fulani, usiku fulani. Wazazi walisema tangu mwanzo kwamba ni kikundi kimoja. Kwa muda mrefu faili hazikuunganishwa.

Siku zilipounganishwa, njia iliongoza hadi kwa mtu ambaye watu walimpa heshima: Frédéric Batumike, mbunge wa jimbo. Hakuwa polisi, lakini alikuwa mtunga sheria, naye kinga ya ubunge ilikuwa ukuta wake. Kundi lake la wanamgambo liliambiwa kwamba damu ya mabikira itawakinga na risasi. Tarehe 13 Desemba 2017, korti ya kijeshi iliyokaa pale pale Kavumu ilimhukumu yeye na wenzake 10 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kilichoangusha ukuta ni daktari aliyeandika, mama aliyesema, na wanasheria waliokataa kuhesabu watoto 40 kama bahati mbaya 40.

Kisha Mitendi, pembezoni mwa Kinshasa. Tarehe 1 Juni 2010, mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya alikwenda kwenye makao makuu ya polisi kwa sababu aliitwa. Dereva wake Fidèle Bazana alimpeleka. Kesho yake Chebeya alionekana amekufa ndani ya gari lake, na pembeni pamewekwa vitu vya kumfanya mtu afikiri kwamba alikuwa na mwanamke. Waliovipanga walijua mpelelezi anatazama nini kwanza. Ni elimu ile ile ya DeAngelo: kujua kazi ya kutafuta ukweli ili kuuficha. Mwili wa Bazana familia yake haikuuzika.

Ukweli ulisogea polepole. Kolonele Daniel Mukalay alihukumiwa kifo mwaka 2011, adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 15 mwaka 2015. Halafu polisi waliokimbilia ng'ambo walisema walichokiona, na mwezi Mei 2022 korti kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo afisa wa polisi Christian Kenga Kenga, na Jacques Mugabo miaka 12. Hata hapo, mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na watu waliovaa nguo zile zile.

Na polisi wema je?

Wengine watalalamika kwamba maneno haya yanawachafua askari wote. Kuna askari anayesimama kwenye rond-point tangu asubuhi bila chakula, na mshahara usiotosha kulipa kodi ya nyumba na minerval ya watoto. Kumwekea huyu shaka ya muuaji ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito, na haipaswi kupitwa kwa haraka.

Lakini ni nani aliyemkamata DeAngelo? Polisi. Ni nani aliyetunza sanduku la Ventura? Watumishi wa serikali. Ni nani waliosema ukweli wa Chebeya? Polisi waliochoka kubeba siri. Askari mwema hana hasara na daftari lililoandikwa vizuri wala na namba inayosomeka kwenye kifua chake. Anayepata hasara ni mwingine. Pale ambapo hakuna daftari na hakuna namba, raia hawezi kuwatofautisha, na hapo ndipo askari mwema anachafuliwa kweli.

Wengine watasema kwamba katika nchi yenye vita, ambako mamlaka yenyewe hubadilika, kama ilivyotokea Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kuzungumzia daftari ni mchezo. Ni kinyume chake. Pale ambapo watu wenye silaha ni wengi na nguo zao zinafanana, maandishi ya daktari, ya mwanasheria, ya padri na ya mama mwenyewe ndiyo kitu pekee kinachobaki wakati wakubwa wamebadilishana viti. Korti ya Kavumu ilitumia karatasi zilizoandikwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuamini kwamba hukumu inawezekana.

Kinachoweza kufanywa bila kusubiri maabara

Yapo mambo ambayo hayahitaji mashine ya dola milioni. La kwanza, kila malalamiko dhidi ya mwenye silaha yaandikwe, hata yanayoonekana madogo: simu iliyonyang'anywa, msichana aliyeshikwa kwa nguvu kwenye barrière, mtu aliyewekwa kasho bila karatasi. Mwenye tabia ya kuumiza watu mara nyingi huanza na dogo, na hujaribu kwanza kama kuna anayetazama.

La pili, askari mwenye lawama asihamishwe tu. Mara nyingi, OPJ au kamanda aliyechosha wakaaji wa mji mmoja anatumwa mji mwingine, na wakaaji wapya hawaambiwi kitu. Faili lake litangulie mbele yake. Exeter kwenda Auburn ilikuwa safari ya mtu mmoja. Lililokosekana ni faili.

La tatu, raia wajue mlango wa kubisha. Katiba ya Congo, katika kifungu cha 156, inaweka makosa ya wanajeshi na ya polisi mikononi mwa korti za kijeshi. Kwa hiyo mtu aliyeumizwa na askari polisi anaweza kupeleka mashitaka kwa auditorat militaire, asiishie kwenye kituo kile kile ambako anayemshtaki ndiye anashika kalamu. Mashirika ya kiraia na mawakili wengi wanalijua hilo. Mama wa kijijini halijui, na hakuna anayempa habari.

La nne, ubakaji usimalizwe kwa mbuzi na chupa ya pombe mbele ya wazee wa kijiji. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinasema wazi: kulipa faini ya maelewano hakufuti mashitaka ya ubakaji, uchunguzi wa kwanza usizidi mwezi mmoja, na daktari aitwe. Wazazi wanaokubali mbuzi wanafikiri wanaleta amani ndani ya kijiji. Wanachofanya ni kutoa karatasi moja katika faili ambalo siku moja lingemfikia mtu mkubwa.

La tano, waandishi wa habari na redio za kijiji waunganishe matukio. Mtu akiuawa leo Nyiragongo, mwingine wiki ijayo Rutshuru, kwa namna moja, habari ya pili ikumbushe ya kwanza. Wapelelezi wa Visalia na wa Sacramento hawakusikilizana. Mwandishi hana sababu ya kurudia kosa lao.

Neno la mwisho

Katika kesi zote hizi kuna mtu mmoja anayerudi: yule aliyesema mapema na hakusikilizwa. Mpelelezi wa Visalia. Mwanamke wa Sacramento. Mzazi wa Kavumu. Mjane wa Bazana. Hawakuwa na cheo kikubwa kuliko aliyewaumiza, na kwa sababu hiyo neno lake lilikuwa zito, lao likawa jepesi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi methali hiyo inatumiwa kuwaonya watu dhidi ya ndugu na marafiki. Lakini nguo inaweza pia kuwa ya serikali, yenye beji na cheo begani. Mji wa Exeter uliipokea nguo hiyo kwa furaha mwaka 1973, ukaikabidhi usiku wake wote, na ukasahau kumwomba aliyeivaa hesabu ya usiku mmoja mmoja. Wakaaji wa mashariki mwa Congo wana haki ya kumheshimu polisi wao. Wana haki pia ya kujua jina lake, namba yake, alikotoka, na sababu iliyomtoa huko.